Cheti tulikuwa nacho, speki ndo ilitunyima tenda

Siku ya kufunguliwa tenda mi na dada yangu tulikaa benchi la nyuma, watu kama kumi na wawili hivi chumbani, ofisa anafungua bahasha moja moja anasoma jina la kampuni na bei kwa sauti, manake sheria inataka bei zisomwe mbele ya waliozileta. Iliposomwa yetu dada akanibana mkono, ilikuwa ya chini kuliko zote. Tukatoka pale tukapiga simu nyumbani, ami akasema Alhamdulillahi lakini msifurahi kwanza mpaka barua ije. Barua ikaja baada ya wiki tatu. Tumeangushwa kwenye tathmini ya kiufundi, bei yetu hata hawakuifikia.

Ilikuwa tenda ya meza na viti vya watoto wa chekechea, imetengewa akina mama na vijana. Sisi tuna karakana hapa Lamu, upande wa Langoni, alituachia marehemu baba, na fundi mkuu ni ami yangu ambaye ameshika randa tangu hajabaleghe. Kampuni tuliisajili mi, dada yangu na binti ami, sote tulikuwa chini ya miaka 35, tukapata cheti cha AGPO na tukakiweka kwenye fremu ukutani, wallahi tulidhani kazi imekwisha. Kwa wasiojua, AGPO ni ule mpango ulioanza 2013 wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya serikali ya Kenya, na sasa imo kwenye Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kaunti nazo zinatakiwa zitenge angalau asilimia 20 kwa wakaazi wa kaunti yenyewe. Kwa hiyo kwenye karatasi sisi tulikuwa tumejaa kila mahali, wanawake, vijana, wakaazi, na kazi tunayoomba ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Tulichoangushwa nacho ni mstari mmoja. Speki, yaani maelezo ya kitu wanachotaka, ilisema meza iwe ya chipubodi (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18 yenye ngozi ya plastiki juu, miguu ya chuma ya kung'aa. Sisi tuliandika mbao ya mwarobaini, viungo vya tundu na ulimi, vanishi mikono mitatu. Tuliona tumewapa kitu bora kuliko walichoomba na kwa bei nafuu, sasa nani atakataa? Kumbe kwenye tenda hakuna kitu bora kuliko ulichoombwa, kuna umekidhi au hukukidhi, basi.

Aliyeshinda ni mama wa hapa hapa, cheti anacho kama chetu, na sina kinyongo naye hata kidogo, alisoma karatasi akaifuata. Lakini karakana hana, wala fundi. Meza zilikuja na lori kutoka Mombasa zimefungwa kwenye maboksi, Mokowe, gati ya upande wa bara, zikapakiwa mashuani, zikateremshwa gatini na kubebwa na punda kupita mbele ya karakana yetu, na kwenye boksi imeandikwa kabisa zimetengenezwa ng'ambo. Ami alikuwa nje ananoa patasi. Akaangalia yale maboksi yanavyopita moja baada ya jingine, akaniuliza, "Mwanangu, hizi meza za nti gani?" Nikamwambia. Akarudi kunoa patasi yake na siku ile nzima hakunena tena.

Lile swali lilinikaa. Manake upendeleo wa wenyeji kwenye tenda una pande mbili na sisi sote tumeng'ang'ania upande mmoja. Kuna nani anauza, na kuna kitu chenyewe kimetoka wapi na kimetengenezwa na mkono wa nani. Cheti kinaangalia muuzaji peke yake. Kampuni ya mkobani yenye muhuri, simu na sanduku la posta inapata upendeleo sawasawa na karakana yenye mafundi sita wenye familia, na pesa ikishalipwa faida kidogo inabaki Lamu kwa yule mwenye muhuri, iliyobaki yote inarudi ilikotoka boksi.

Sasa mi nikaanza kuisoma ile sheria yenyewe, kwa simu, usiku watoto wakishalala, kifungu kimoja naweza kukirudia mara tano manake imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Nikakuta kifungu cha 155 kinasema wazi kwamba upendeleo upewe bidhaa na vifaa vilivyochimbwa au kuzalishwa Kenya hata kama ni kwa sehemu tu, au vilivyounganishwa Kenya, na pia kampuni ambazo Wakenya wana hisa. Yaani vitu vimetajwa kwanza halafu ndo watu! Na kinaendelea, ofisi ya umma ikitaka kununua kitu ambacho hakikutengenezwa hapa inatakiwa itayarishe ripoti yenye ushahidi kwamba cha hapa kimekosekana. Nilikaa kitandani nikajiuliza ni nani aliandika ripoti kwamba Lamu hakuna meza ya mbao. Lamu! Mji ambao watu wanavuka bahari kuja kupiga picha milango yake.

Halafu kifungu cha 60, hiki naomba kila fundi akijue, kinazungumzia speki. Kinasema maelezo ya kinachonunuliwa yawe wazi na kamili, yaruhusu ushindani wa haki, na yasitaje chapa, muundo, mtengenezaji au asili maalum, isipokuwa pale ambapo hakuna njia ingine ya kukieleza kitu, na hapo waongeze maneno ya kuruhusu kilicho sawa nacho. Ningelijua hili mapema. Ukiona umedhulumiwa unaweza kwenda bodi ya rufaa ya ununuzi, lakini una siku 14 tu, na mi nilipofika kwenye hicho kifungu siku zilikuwa zimepita zamani.

Kitu kilichonifungua macho zaidi ni hapa hapa mtaani. Mji wetu wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukitaka kukarabati nyumba ya zamani humo ndani uhifadhi wenyewe unataka jiwe la matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, mlango wa mbao. Huwezi kuja na bloku za simiti na dirisha la alumini ukapigiwa makofi. Basi tizama matokeo yake, wachonga mawe wa Manda Maweni wana kazi, wachoma chokaa wana kazi, waashi wanaojua kupiga lipu ya zamani wanatafutwa na vijana wanajifunza kutoka kwao. Hakuna aliyewapa wale waashi cheti chochote cha upendeleo. Kazi imeandikwa kwa namna ambayo wao ndo wanaoiweza, imetosha.

Miezi minane hivi baada ya ile tenda nilipita shule moja kumchukua mtoto wa dada. Nikaingia darasani nikaziona. Sijui nilitaka kuona nini, labda nilitaka zivunjike, Mungu anisamehe. Hazikuvunjika zote. Lakini nilipitisha kidole kwenye ukingo wa meza moja karibu na dirisha la upande wa bahari, ile ngozi ya plastiki imeachia kwenye kona na ndani yake chipubodi imevimba kama mkate uliomwagikiwa chai, ukigusa inamung'unyika, unga unga unabaki kidoleni. Skrubu za mguu mmoja hazikuwa na pa kushika, mwalimu ameufunga kwa kamba ya katani. Miguu nayo chini imeanza vidoa vya kutu. Hii hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, hata bawaba za shaba zinageuka kijani, sasa ubao wa unga wa mbao utafanya nini. Mwalimu akaniambia, "Dada, hizi tutakuwa tumezitupa kabla hawa hawajafika darasa la tatu." Mwarobaini ni mchungu, bungua haupendi, ami ana benchi la mwarobaini ukumbini kwake tangu mi nasoma msingi.

Tenda ya pili ilipotoka, speki ilikuwa ile ile, neno kwa neno, hata kosa la tahajia lilelile. Safari hii sikujaza bei kwanza. Niliandika barua ya kuomba ufafanuzi, ukurasa mmoja, nikaipeleka siku ya tatu tangu tangazo. Niliuliza maswali matatu. Je, mbao ngumu iliyokaushwa yenye vipimo sawa na nguvu sawa au zaidi itakubaliwa? Kama haitakubaliwa, ni kwa sababu gani ya kiufundi? Na je, kuna ripoti kwamba meza zinazotengenezwa Kenya zimekosekana? Sikumtukana mtu, sikutaja dhuluma, nilitaja vifungu tu, 60 na 155, na nikahakikisha nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Dada aliogopa, akasema watatuweka kwenye orodha ya wasumbufu hatutapata kitu tena Lamu. Mi pia niliogopa, sitadanganya.

Walijibu. Sheria inawaruhusu kurekebisha hati za tenda kabla haijafungwa, na marekebisho lazima yafike kwa wote waliochukua hati, si kwa aliyeuliza tu. Ikatoka karatasi moja, imeongezwa mstari, "au mbao ngumu iliyokauka yenye ubora sawa au zaidi." Maneno tisa. Hayo maneno tisa yametufaa kuliko cheti tulichokitundika kwenye fremu.

Ile tenda hatukushinda kwa kweli, karakana ingine ilitupita kwa bei, lakini meza zilitengenezwa na mikono ya hapa na mbao za huku na mi nilifurahi kama nimeshinda mimi.

Baadaye nilikuja kujua ile speki ilitoka wapi. Nilikuwa nafikiria kuna mtu kakaa ofisini anatupangia njama. Yule ofisa wa ununuzi ni kijana tu, mpole, aliniambia mwenyewe kwamba aliipata kwenye hati ya ofisi ingine ya bara, akabadilisha jina na idadi, manake ana tenda kumi na kitu za kuandaa kabla ya mwaka wa fedha kufunga na hakuna mtu aliyewahi kumpa maelezo ya meza ya mbao yenye vipimo. Mafundi wetu wanajua kila kitu kwa mkono lakini hawajakiandika popote. Ami ukimuuliza meza ya mtoto inakuwa na urefu gani anakuonyesha kwa kiganja kwenye paja lake. Sasa ofisa ataandikaje kiganja kwenye hati ya tenda?

Basi tukaandika. Jioni tatu mi na ami na futi na daftari, urefu, upana, unene wa mguu, aina ya kiungo, unyevu wa mbao, pembe zipigwe msasa ziwe duara mtoto asijikwaruze, mikono ya vanishi. Tulichora na picha. Tukawaalika maofisa kuja kuona karakana, si sisi peke yetu, karakana tano kwa pamoja, na ilikuwa wakati hakuna tenda yoyote iliyo wazi. Hili nalisema kwa mkazo, tenda ikishatangazwa usimfuate ofisa nyumbani wala usimpigie simu ya pembeni, sheria inakataza kumshawishi na utajichafulia jina bure, andika barua ipite mlango wa mbele. Yale maelezo yetu yakaja kutumika karibu yote kwenye tenda iliyofuata. Na yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye mbao na mkono wa kufanya, hatukujiandikia sisi.

Ile ndo tukashinda. Meza 40 na viti 160.

Na hapa lazima niseme upande wetu pia, manake napenda hii kazi na siwezi kuificha aibu yake. Kamati ya ukaguzi ilikuja kupokea ikakataa viti 14. Ilikuwa haki yao. Tulikimbizana na tarehe, mbao za mwisho zilizokuja kutoka upande wa Witu zilikuwa mbichi, ami akasema ziachwe, mi nikasema hapana tarehe imefika, zikapigwa randa hivyo hivyo. Ndani ya wiki mbili viti vikaanza kupinda, kimoja kikapasuka makalioni mstari mrefu. Tulivirudia kwa gharama yetu. Tunataka tupendelewe lakini mtoto anayekaa kwenye kiti kibovu hajali kiti kimetoka Lamu au China, kinamfinya tu. Tangu hapo kila mbao inayoingia inaandikwa tarehe kwa chaki na haiguswi mpaka muda wake ufike, hata mi nikibembeleza vipi.

Na habari ya mbao pia si rahisi kama watu wanavyosema tumia vya nyumbani. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, na zuio halikuondolewa mpaka Julai 2023, kwa hiyo miaka mingi bei ya mbao ilikuwa inapanda na wakataji wa mikoko wa visiwani waliumia sana. Sisi ndo tukaegemea miti ya mashambani, mwarobaini, mwembe mzee usiozaa, mvinje uliopandwa. Nilijifunza kwamba ukisema kifaa cha hapa lazima ujue pia kama kipo cha kutosha na kimekatwa kwa kibali, manake kamati ikikuuliza risiti ya mbao huwezi kuwaambia ulinunua kwa mtu usiku.

Lakini lililotaka kutuua ni malipo. Tulipeleka mzigo Aprili, tukavirudia vile viti 14, Mei mwanzo tukapewa karatasi ya kupokelewa, tukapeleka invoisi. Juni 30 mwaka wa fedha ukafunga hatujalipwa. Tukaambiwa tusubiri bajeti ya nyongeza. Tukapata pesa yetu Februari. Miezi tisa. Huku sheria inasema hata mchakato wa kununua usianze kabla ofisa hajaridhika kwamba pesa imetengwa, na inasema malipo yakichelewa kuna riba, nikawaandikia nikataja kifungu cha 140, pesa ya mzigo ikaja lakini riba hadi leo sijaiona. Tulikuwa tumekopa kwenye chama cha akina mama na wale ni majirani, unakutana nao kila siku kwenye vichochoro, unajua anataka kuuliza na anaona haya kuuliza. Fundi wetu kijana, mzuri mno wa nakshi, alivumilia mpaka mwezi wa nne wa kungoja akaenda Malindi kufanya kazi kwenye mahoteli, na sikumlaumu, ana mke na mtoto. Hajarudi. Yule wa maboksi anaweza kungoja, ana biashara zingine Mombasa na benki inamjua. Karakana haiwezi kungoja. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali inapendelea wenyeji mi namuuliza inalipa baada ya siku ngapi, na kila kikao cha wadau nikipewa maiki hilo ndo la kwanza kusema, wameshanichoka nafikiri.

Siku hizi hatuchukui oda ya serikali inayozidi theluthi ya kazi zetu zote, nyingine ni vitanda vya watu binafsi na milango ya mahoteli ya Shela. Mapema kila mwaka wa fedha naenda kuuliza mpango wa ununuzi naona nini kitanunuliwa, manake ule mpango ndo unaonyesha ni tenda gani zimetengewa makundi na huo ndo wakati wa kuuliza kuhusu vifaa. Na kuna karakana mbili zingine sasa zinaandika barua za ufafanuzi, nimewapa barua yangu ile ya kwanza wakaibadilisha wanavyotaka.

Sasa hivi kuna tenda ya vitanda na makabati ya zahanati, inafungwa Alhamisi saa tano. Kwenye makabati wameandika tena chipubodi. Barua yangu iko kwao tangu Jumatatu iliyopita, imepigwa muhuri. Ami kila akirudi kutoka msikitini kwa sala ya alasiri anapita karakana, kabla hajakaa ananiuliza wamejibu? Namwambia bado, ami. Anavua kanzu anaitundika msumarini, anachukua futi, anaenda kupima mbao za mwembe ambazo tumeziandikia chaki ya mwezi wa tatu.